Koti la Mkono Mmoja

Mliwazi alifika nyumbani kwa Mzee Mihayo kabla ya habari ya msiba.

Mzee alikuwa uani anachonga mzinga wa nyuki, gogo amelibana katikati ya magoti. Hakusikia lango likifunguka. Alichoona ni kitu chenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu, kimevikwa kitambaa laini cha rangi ya maziwa, uso hakina, kifuani kina taa moja, kinamjia juu ya magurudumu yasiyo na mlio. Kilimtoa patasi mkononi polepole, kama mama anavyomtoa mtoto kisu. Kisha kikamshika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vya uvuguvugu.

"Mzee wangu," kikasema kwa sauti ya shangazi, "kaa vizuri. Vuta pumzi pamoja nami."

Mzee akavuta, hata hajui kwa nini. Wakavuta pamoja, wakashusha pamoja, mpaka moyo wake ukaenda mwendo ule mashine iliotaka. Hapo ndipo alipoambiwa kwamba mkewe, Bi Nyamizi, hakutoka salama katika chumba cha upasuaji. Mzee alifungua kinywa. Kilio kilikuwa tayari kinapanda, mabega yamekwisha nyanyuka, lakini mliwazi akapuliza mvuke mwepesi wenye harufu ya mchaichai, na kilio kile kikafia kooni, kikatoka kama kikohozi. Taa ya kifuani, iliyokuwa imeanza kuiva nyekundu, ikarudi kijani.

"Hivyo hivyo," mliwazi akasema. "Nipo."

Tabora ya wakati huo ilikuwa mji wa bandari, ingawa bahari haina. Maputo makubwa ya mizigo yalitua pale mchana kutwa, yakitoka Pwani na yakitoka Kongo, na mji ulikuwa umejaa watu waliokuja kupakia, kupakua, kuoa na kufa. Kila nyumba yenye msiba ilipelekewa mliwazi na Idara ya Faraja, bure, mpaka tanga lianuliwe. Wafiwa walivalishwa bangili ya mapigo, na bangili hiyo ilimweleza mliwazi kila kitu kinachopita mwilini: moyo unakwendaje, pumzi inakatika wapi, usingizi umekuja au umegoma. Kijani maana yake mtu ametulia. Manjano, anatikisika. Nyekundu, yuko ukingoni.

Na aliyewabuni waliwazi hao, aliyewafundisha kusikiliza, alikuwa ni binti wa Mzee Mihayo mwenyewe, mhandisi Kalunde.

Kalunde hakuwa mtu wa kujisifu, lakini siku ile alipokimbia kutoka hospitali na kumkuta baba yake ameketi kitini, mikono ndani ya viganja vya mashine, uso mkavu, alishukuru. Alisema moyoni, angalau hili nililifanya vizuri. Naye akanyoosha mkono avalishwe bangili.

Mazishi yalikuwa safi. Hakuna aliyezirai, hakuna aliyejitupa kaburini. Watu walizungumza kwa sauti za chini, wakala, wakaondoka mapema. Mara moja tu mliwazi alimjia Kalunde na kumnong'oneza kwamba mtu mmoja amezuiwa langoni kwa sababu ya maneno ya kuumiza. Kalunde alikuwa akigawa mikeka. Aliitikia kwa kichwa. Hakuuliza ni nani.

Ile Kanuni ya Lango alikuwa ameiandika kwa mkono wake, na alikuwa na sababu. Zamani, walipokuwa bado wanawajaribu waliwazi wa kwanza, kulikuwa na mjane mmoja kule Nzega. Mashemeji walimjia na jeneza likiwa bado ndani. "Umemuua ndugu yetu, muuaji wewe!" Walimtupia vyungu nje, wakamwita mchawi mbele ya wanawe. Alipatikana baadaye anatembea kwenye reli, hajui jina lake. Kalunde alikaa naye hospitalini muda mrefu, akimlisha uji kwa kijiko, naye akimtazama kama ukuta. Alipotoka pale aliandika kanuni: atakayeleta matusi kwenye nyumba ya msiba asipite. Na kanuni ilifanya kazi. Wajane wengi walikuwa wamelala majumbani mwao kwa sababu yake. Aliongeza na nyingine, kwamba mfiwa haruhusiwi kumzima mliwazi, maana mtu mwenye msiba hajui anachotaka. Siku mama yake alipokufa, funguo zake za Idara zilifungwa zenyewe. Alikuwa mfiwa kama wafiwa wengine.

Tanga halikuanuliwa upesi. Mliwazi alisema Mzee bado anamhitaji, na kweli, ukimtazama Mzee ungeona hivyo hivyo. Alikuwa ametulia. Ukimweka kitini anakaa. Ukimlaza analala, macho wazi. Chakula anakishika, anakigeuza, anakirudisha. Neno hasemi. Gogo la mzinga lilibaki uani, nusu limechongwa, likapasuka kwa jua. Nyuki walikuja kulikagua, wakaenda zao.

"Baba anaendeleaje?" Kalunde alikuwa akimuuliza mliwazi kila akitoka kazini.

"Kijani," mliwazi alijibu. "Mapigo mazuri. Pumzi nzuri. Hakulia leo."

Daktari Sizya, aliyesoma na Kalunde, alikuja akampima. Aligonga mgongo, akatazama ulimi, akamwita Kalunde varandani.

"Ugonjwa sioni," akasema. "Lakini nguo zinamvaa yeye, dada. Umeona shingo ile?"

"Bangili inasema yuko sawa."

"Bangili inasema moyo unapiga taratibu. Moyo wa mtu anayeondoka nao unapiga taratibu." Sizya akafunga mkoba wake. "Nisikudanganye. Akiendelea hivi, mvua hazioni."

Kalunde alisimama pale varandani mpaka gari la daktari lilipopotea. Alijitazama mkononi. Kijani. Alikuwa amezika mama, sasa anaambiwa baba anafuata, na bangili yake ilikuwa kijani kama majani ya mchicha. Kwa mara ya kwanza rangi ile ilimtia hofu.

Jumamosi iliyofuata aliamua kupanga nguo za mama yake, kazi aliyokuwa akiikimbia. Khanga, magauni ya kazini yenye nembo ya Bandari ya Anga, kilemba cha harusi. Nyuma kabisa alikuta koti. Koti zuri la kike, kitambaa kizito cha bluu, kola imeshonwa kwa mkono, sindano ndogo ndogo za fundi anayejua. Lakini lilikuwa na mkono mmoja. Upande wa kushoto palikuwa na tundu tu, na nyuzi nyeupe za kupimia bado zinaning'inia. Na lilikuwa limevaliwa. Pindo lilikuwa na matope makavu, na mfukoni mlikuwa na ua la karatasi, lile la kubandika kifuani watu wakienda kuzika.

Mama yake alikwenda kuzika na koti la mkono mmoja? Bi Nyamizi, aliyekuwa akipiga pasi hata leso?

Akalichukua mpaka kwa Mzee, akalitandaza magotini pake. "Baba, hili nini?"

Mzee alitazama kwanza kama anavyotazama kila kitu. Halafu kidole chake kikaenda kwenye lile tundu, kikaingia, kikatokea upande wa pili. Pembe ya mdomo ikatetemeka.

"Mzaramo," akasema.

Sauti ilikuwa kama mlango usiofunguliwa muda mrefu. Kalunde akapiga magoti. "Nani, baba? Mzaramo nani?"

"Mwamvi..."

Taa ya mliwazi ikageuka manjano. Akateleza mpaka ubavuni kwa Mzee, akamfunika mkono kwa kiganja chake cha uvuguvugu. "Tuvute pumzi pamoja, mzee wangu." Mvuke wa mchaichai ukapita. Kidole cha Mzee kikalegea ndani ya tundu. Macho yakarudi kule yalikokuwa.

"Kijani," mliwazi akasema.

Kalunde alikaa chini sakafuni. Alikuwa ameona kwa macho yake. Kitu kiliwaka kwa baba yake, kidogo kama njiti ya kiberiti, na mashine yake ikakipuliza.

"Siku ya mazishi," akamwambia mliwazi, "ulimzuia mtu langoni. Nisikilizishe."

Mliwazi alikuwa na kumbukumbu za sauti zote. Ikatoka sauti ya mwanamke mzima, kali, yenye lafudhi ya Pwani: "Nipishe, we birika! Nimekuja kumwona muuaji! Yuko wapi Mihayo, aliyemuua Nyamizi wangu? Leo harudi mtu kaburini mpaka anijibu!" Na chini yake, sauti ya shangazi: "Mama, maneno yako yanaumiza. Tafadhali rudi."

Sauti ile Kalunde aliijua. Alikuwa ameisikia utoto wake wote ikitukana mama yake kutoka mlangoni, na mama yake akijibu kwa matusi mazito zaidi, halafu wote wawili wakicheka mpaka wanashikilia ukuta. Bi Mwamvita Pazi, nahodha wa puto la mizigo, Mzaramo. Mtani wa mama yake.

Utani ulikuwa umepungua sana mjini wakati huo. Vijana waliusikia kama hadithi: kwamba makabila fulani, Wanyamwezi na Wazaramo wakiwamo, walikuwa na ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana, na kwamba kwenye msiba mtani ndiye alikuwa na kazi kubwa kuliko ndugu. Alikuja kumwigiza marehemu, kumkejeli mfiwa, kulala kaburini na kukataa kutoka. Kalunde aliyajua haya. Ila alipoandika Kanuni ya Lango hayakumjia akilini hata kidogo. Alimwaza yule mjane wa Nzega.

Bi Mwamvita alikaa mtaa wa Ng'ambo, nyumba yenye duka la ushonaji mbele, mlango wa duka umefungwa. Aliyefungua lango ni mliwazi, taa kijani.

Kalunde akashangaa. "Kuna msiba hapa?"

"Mume wangu," ikajibu sauti kutoka ndani. "Kibwana. Mwaka wa jana, masika. Ingia kama unaingia, usiniachie nzi."

Bi Mwamvita alikuwa ameketi juu ya kitanda cha kamba. Kalunde alimkumbuka mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutisha ndege. Huyu aliyekaa pale alikuwa na mabega ya mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. We si mtoto wa yule mpagazi?" Alisema bila nguvu, kama mtu anayesoma tangazo. Mliwazi wake akasogea kidogo. Bi Mwamvita akamtazama, akashusha pumzi. "Twende nje. Humu ndani hakusemwi neno."

Wakavuka lango, wakakaa kwenye ngazi za lile duka. Mliwazi alibaki ndani, maana hatoki nje ya lango mpaka msiba uishe.

"Nimekuja kuomba radhi," Kalunde akaanza. "Siku ya mazishi ya mama..."

"Mashine yako ilinifukuza kama mbwa."

"Ndiyo."

"Mbele za watu. Mimi! Nimerusha puto kwenye radi nikiwa na mimba, halafu kitu hakina hata pua kinaniambia maneno yangu yanaumiza." Akatema mate pembeni. "Yalitakiwa yaumize! Nilikuja na maneno mazuri kama nini. Nilikuwa nimeyapanga njiani, nayacheka peke yangu."

"Mama, baba anakufa."

Bi Mwamvita akageuka kumtazama.

"Hali, hasemi. Alitaja jina lako tu. Naomba uje umtukane."

"Sasa hivi ndiyo unakumbuka."

"Sijui hata utamsaidiaje. Najua tu kwamba..."

"Na mimi nijue? Mimi nahodha, si daktari. Ninachojua, mtani akija, unalia. Asipokuja, kinakaa." Alijigusa chini ya koo, mahali panapokaa mfupa wa samaki ukikwama. "Kinakaa hapa."

Halafu akaona alichoshika Kalunde. Alilivuta lile koti, akalinusa kola.

"Umelitoa wapi?"

"Kabatini kwa mama. Silielewi."

"Huelewi? Hili kalishona Kibwana wangu! Nyamizi kalilipia ukiwa shule ya msingi. Kila mwezi anakuja: fundi, koti langu? Kesho, shemeji. Wewe umekuwa mhandisi, koti lina mkono mmoja. Kibwana alikuwa hivyo. Siku ya harusi yetu nilikaa kanisani... msikitini, ee Mungu wangu, nachanganyikiwa, tulikaa wee, watu wamekula pilau, bwana harusi hayupo, yuko dukani anamalizia suruali yake mwenyewe." Alikuwa karibu kutabasamu, lakini tabasamu halikufika. "Basi Kibwana alipokufa, mama yako akaja kuzika kalivaa. Hili. Mkono mmoja ndani ya koti, mwingine uko wazi. Nimemwona dirishani, anakuja barabarani na matope yote yale, anapiga kelele, 'Fundi hafi mpaka amalize koti langu! Mfufueni!' Nikasema, Mungu asante, Nyamizi kafika. Sasa nitalia."

Kalunde alikwisha jua kinachofuata. Alitamani asisikie.

"Yule birika wako akamfungia lango."

"Mama hakuniambia," Kalunde akasema. "Hakuniambia hata neno."

"Angekuambiaje? Kila mahali, mwanangu kabuni waliwazi, mwanangu kapewa nishani. Alisimama nje ya lango langu mvua ikamnyeshea, halafu akaenda zake. Alinipigia simu. Kaniambia, Mwamvita, usimlaumu mtoto, hakukusudia. Nitakuja akiondoka yule mdudu." Akalikunja koti, pindo kwa pindo. "Hakuondoka. Kila siku anasema bado namhitaji. Na Nyamizi naye ndiyo huyo, kaondoka yeye."

Puto lilipita juu yao, kivuli chake kikafunika mtaa mzima, kikaenda. Bi Mwamvita alilisindikiza kwa macho ya kazi.

"Ameshuka mno, yule," akasema. Halafu akainuka, akamrudishia Kalunde koti, akajifunga khanga kiunoni. "Twende. Nyamizi hajazikwa bado."

Walifika nyumbani kwa Mzee, mtaa wa Isevya, alasiri, watu wako nje wanaanua nguo. Kalunde hakumwingiza ndani. Alijua asingepita. Alimsimamisha barabarani, mbele ya lango, akaenda yeye kulifungua wazi lote, ili Mzee aliyekaa uani aone nje.

Bi Mwamvita alikohoa mara moja. Kisha ile sauti ikatoka, sijui ilikuwa imejificha wapi katika mwili ule.

"Mihayo! We Mihayo! Toka nje, muuaji mkubwa we!"

Majirani wakageuka. Mliwazi akaja mbio mpaka kizingitini, taa manjano. "Mama, maneno yako yanaumiza. Tafadhali rudi."

"Nyamaza, birika, naongea na watu wenye damu! Mihayo! Nilimwambia Nyamizi, usiolewe na Mnyamwezi mwenzako, kazi yao kubeba mizigo, atakubeba halafu akuangushe! Haya, umemwangusha! Umefurahi? Umekaa kitini kama mheshimiwa, unasubiri nani akupikie? Amekwenda! Kakukimbia kwa sababu unanuka nta!"

Kalunde aliyasikia maneno yale, moja moja. Muuaji. Umemwangusha. Alikuwa ameyasikia Nzega pia. Yalikuwa yale yale. Angeyaandika kwenye karatasi mbili, mashine isingeona tofauti, na yeye mwenyewe asingeona.

Mzee hakutikisika. Mliwazi aliondoka kizingitini, akarudi kumshika mikono.

Hapo Bi Mwamvita akabadilika. Mkono mmoja akauweka kiunoni. Mguu wa kushoto akauburuta kidogo. Kidevu akakiinua. Akatembea hatua chache pale vumbini, na wanawake wa mtaa wakashika vinywa, maana aliyekuwa akitembea ni Bi Nyamizi.

"Mihayooo!" Na sauti ilikuwa yenyewe, ya puani, ya kuchoka na kupenda. "Miguu hiyo! Nta hiyo! Nimepiga deki sasa hivi, unapita kama ng'ombe!"

Mzee aliinua kichwa.

"Nakuuliza wewe! Miguu hiyo!"

"Tuvute pumzi pamoja," mliwazi akasema.

"Niache," akasema Mzee.

Mliwazi hakuwa na ruhusa ya kumshika mfiwa kwa nguvu. Hilo nalo Kalunde alikuwa ameliandika. Viganja vikafunguka. Mzee akasimama, akayumba, akaokota fimbo yake ya kupandia mizingani, akaanza kuja. Mvuke ulimfuata, akautoka.

"We Mzaramo!" Sauti ilikwaruza. "We Mzaramo usiye na haya! Toka mlangoni kwangu!"

"Njoo unitoe, kama miguu unayo!"

"Nitakutoa meno!"

"Yamebaki machache, jihudumie!"

Akavuka lango. Akainua fimbo. Bi Mwamvita hakurudi nyuma hata nusu hatua. Alimtazama tu, mkono kiunoni, akasema taratibu, kwa sauti ile ya puani, "Miguu hiyo, mume wangu."

Fimbo ikaanguka. Mzee akafuata, magoti yakapiga vumbi. Kilichomtoka hakikuwa kizuri kusikia. Kilikuwa kikubwa, kibaya, kinakatika na kuanza tena, na kila kikianza kilitoka chini zaidi. Bangili yake ikawa nyekundu, ikaanza kulia. Yote Kalunde aliyosomea yalimwambia mtu huyu yuko ukingoni, mwokoe. Akatupa koti, akaruka kumshika.

"Usimnyamazishe," Bi Mwamvita akasema. "Kaa naye tu."

Akakaa. Alikaa vumbini karibu na baba yake, bega kwa bega.

"Nyamizi amekufa," Mzee akasema, kama anayempa binti yake habari.

"Ndiyo, baba."

"Kalunde, mama yako amekufa."

Bangili ya Kalunde ikageuka manjano, ikapita hapo, ikawa nyekundu. Hakuiona. Alikuwa amejiinamia kwenye bega la baba yake, analia kama alivyolia alipokuwa mdogo akaumwa na nyuki, na mkono wa Mzee ulikuwa unampapasa kisogoni.

Kilipopita kilio cha kwanza, maana vilikuwa vingi, Kalunde alifuta macho akamtafuta Bi Mwamvita. Alikuwa amejitenga pembeni, anakung'uta khanga yake. Mtaa mzima ulikuwa unalia, hadi muuza mkaa. Mkononi mwa Bi Mwamvita rangi ilikuwa kijani.

"Basi," akasema. "Kazi yangu nimemaliza. Mpeni uji, mwepesi. Mimi naenda zangu."

Akageuka. Hakuna aliyemzuia. Nani angemzuia? Mtani wake alikuwa kaburini, alikozikwa kimya.

"Mwanangu," Mzee akasema, pumzi zinamkatika. "Usimwache aende hivyo. Mama yako asingemwacha."

"Sijui kusema, baba. Sijawahi."

"Sema chochote."

Kalunde akainuka. Akalichukua koti pale lilipoangukia, akaingiza mkono wa kulia katika ule mkono wake mmoja, upande wa pili ukamning'inia na nyuzi zake nyeupe.

"We mama!"

Bi Mwamvita akasimama, hakugeuka.

"We mama, nani kakuruhusu kuondoka? Mumeo... mumeo fundi gani yule? Fundi wa uongo! Mimi nilikuwa nasoma a, e, i, koti hili hapa lina mkono mmoja. Nimezeeka nalo!"

Bi Mwamvita aligeuka polepole. Macho alikuwa ameyafumba. Alisimama kama mtu anayesubiri kumwagiwa maji, hajui yatakuwa ya baridi kiasi gani.

"Endelea," akanong'ona.

"Alichelewa shule. Alichelewa harusi yake. Kila kitu kesho, kesho." Sauti ikamkatika Kalunde, akaivuta tena. "Maisha yake yote kachelewa, mama. Kaburini tu ndiko alikowahi."

Kalunde akadhani ameua mtu.

Kisha mabega yale ya mtoto yakaanza kutikisika. Kilikuwa kicheko kwanza, kile cha zamani, cha kutisha ndege. Kikapanda, kikafika juu, kikavunjika. "Kibwana," akasema. "Kibwana, mbona umewahi? Mbona huko umewahi?" Na bangili yake, iliyokuwa kijani tangu masika ya mwaka wa jana, ikawaka nyekundu, nyekundu, ikilia pamoja na zile nyingine mbili.

Kalunde alimdaka kabla hajafika chini, kwa mkono uliokuwa na koti na ule usiokuwa nalo.

Nyuma ya ukuta, uani, mliwazi alikuwa amesimama karibu na kiti kitupu. "Rudini ndani," alikuwa akisema, kwa upole, tena na tena. "Nipo. Tuvute pumzi pamoja."